Diwani Kaingia Tena Bustanini

Tarehe 4 Februari

Mwanangu Kitinda,

Salamu tele kutoka kwa mama yako, ambaye ni mzima. Goti tu ndilo linalopiga kelele asubuhi, na kelele zake nimeshazizoea. Wewe je? Kifua kimepona? Bado mnasimama kutwa kwenye ile baridi ya kiwanda? Vaa soksi mbili, usione haya. Najua ungependa nikupigie simu, lakini simu huisha kabla sijamaliza kulalamika.

Sasa sikia! Nimepanda! Matuta manne, kuanzia ukuta wa jikoni mpaka kwenye uzio wa Kinyozi: nyanya, karoti, mchicha na bamia. Na usidhani nimepanda bora liende. Mimi nimekanda mikate kiwandani tangu hujazaliwa mpaka nilipostaafu, siwezi kuona kitu chenye mabonge nikakiacha. Udongo wote nimeuchekecha kwa chekeche la unga. Wote! Umekuwa laini mpaka unateleza vidoleni. Kisha nikanyunyiza ule unga wa mbolea ulionitumia kutoka kazini kwako, nikachanganya, nikamwagilia, nikasawazisha kwa ubao. Kinyozi akachungulia juu ya uzio akasema, "Mama Mikate, hapo unalima au unaoka?" Nikamwambia asubiri tu, ataniomba mchicha.

Sharti letu sijalisahau. Tangu baba yako atutoke unashikilia kwamba siwezi kuishi peke yangu kwenye nyumba hii, nami nashikilia kwamba naweza. Basi tumeshakubaliana: ukija likizo katikati ya Juni ukinikuta na kikapu kimoja kilichojaa kutoka bustanini mwangu, nilicholima kwa mikono yangu, nabaki kwangu na hutanitajia tena neno kuhama. Kisipojaa, nafunga virago nakuja kukaa nawe huko ghorofa ya tatu nikitazama mapaa ya watu. Mwanangu, nakupenda, lakini ghorofa siitaki. Kikapu nitakijaza!

Kuna kajambo kadogo tu. Leo asubuhi nimekuta shimo katikati ya tuta la karoti, na ndani ya shimo, nisikufiche, zawadi ya paka. Ni yule dume mkubwa wa manjano mwenye sikio lililochanika. Mtaa mzima tunamwita Diwani, kwa sababu anapita kila nyumba akikagua na hakuna analolifanya. Nimemtimua kwa kandambili. Hatarudi.

Mama yako mzazi


Tarehe 13 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo! Naomba barua hii ikukute salama na goti likiwa limepunguza maneno. Mimi kifua kimepona, soksi ni mbili kama ulivyoagiza, mikono tu ndiyo imechubuka kwa barafu na kisu.

Mama, umetuua kwa kicheko! Barua yako nimewasomea wenzangu wakati wa mapumziko, hapohapo kwenye meza yetu ya minofu, na samaki wamerundikana mbele yetu. Tumecheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini. Nilipomweleza, naye akaanza kutoa ushauri! Sasa kiwanda kizima kinajua habari za Diwani na kila mtu ana dawa yake. Kuna anayesema pilipili ya unga, kuna anayesema maganda ya machungwa. Mama mmoja anaapa kwa nywele za binadamu: eti paka akisikia harufu ya watu asiowajua hakanyagi. Wewe nywele huna haja ya kuzitafuta mbali, si unaye Kinyozi hapo uani?

Nimefurahi mno kwamba mbolea imefika. Inasagwa hapahapa kiwandani, na msimamizi anasema mmea ukiionja unapanda kama umeitwa. Nimekutumia gunia jingine kwa basi. Mimi nimeinusa, haina harufu yoyote, utafikiri chaki. Mwaga bila choyo!

Ila Mama, nikwambie ukweli, kitanda chako huku nimeshakitandika, na dirisha nimelifuta. Usinikasirikie nikimshangilia Diwani kidogo.

Mwanao, Kitinda


Tarehe 24 Februari

Mwanangu Kitinda,

Marahaba, na pole kwa mikono. Jipake mafuta kabla ya kulala, uvae na glavu kuukuu. Mwili wangu mzima. Roho, ngoja nikueleze.

Pilipili! Nani kakwambia pilipili? Nilinunua ya unga, kali, nikasimama kichwani mwa tuta nikarusha. Upepo nao ulikuwa umejificha ng'ambo unanisubiri. Mwanangu, nimelia kuliko nilivyolia msibani! Nimepiga chafya mpaka Kinyozi akamwacha mteja na nusu kichwa akaja mbio na ndoo ya maji. Muda wote huo Diwani amekaa juu ya ukuta, ananitazama. Aliporidhika kwamba sioni, akashuka taratibu, akaingia kwenye bamia, akafanya haja yake, akafukia vizuri, akaondoka.

Maganda ya machungwa, yeye na paka wenzake wameyapangua wakayafanya mpira. Nywele nimepewa mfuko mzima na Kinyozi, nikatandaza, bustani ikawa kama imeota ndevu. Kesho yake nikamkuta yule paka jike mweupe, tunayemwita Bi Harusi, anazikusanya kwa miguu na kuzilalia. Ana mimba, mshenzi yule, anataka godoro! Sikio la kufa halisikii dawa.

Na Kinyozi sasa hatusemezani. Nilimwambia paka ni wake, maana ndiye anayewatupia mabaki nyuma ya kibanda chake. Akanijibu eti paka wa mtaa hawana mwenyewe, halafu akaongeza, "Kwanza mbona zamani hawakuwa hivi? Wewe umewafanyia nini?" Mimi! Nimewafanyia nini mimi? Nikafunga dirisha la upande wake.

Gunia la pili limefika, nimelimwaga lote bila choyo, kama ulivyosema. Lakini hawa viumbe wamezidi! Wengine wanatoka mitaa nisiyoijua. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa jembe hawalihitaji, wamekuja na makucha yao. Tena wamekosa adabu mpaka barua zako hawaziheshimu. Hii ya mwisho niliiacha barazani chini ya miwani nikaenda kuzima jiko. Kurudi, Diwani kailalia anailamba! Nimeisoma ikiwa na mate.

Karoti nimepanda upya. Na ukimshangilia tena huyo Diwani nitakuja huko kabla ya Juni, na sitakuja kuhamia, nitakuja na kandambili.

Mama yako


Tarehe 6 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Nimejilaumu kwa pilipili, kisha nikacheka, kisha nikajilaumu kwa kucheka. Mimi ni mzima wa afya.

Nina wazo jipya, na hili halishindwi! Tengeneza mtu wa kutishia. Vijiti viwili vya msalaba, chupa ya plastiki iwe kichwa, na umvalishe lile koti la bluu la Baba la kazi ya bomba, lile lenye mifuko mingi. Paka wote wa mtaa walikuwa wakimwogopa Baba kwa sababu ya kelele za spana zake. Wakimwona tena watahama!

Gunia la tatu nitakutumia Ijumaa. Usibishe, ukulima ni kulisha.

Mama, umeniuliza zamani naishije huku nami sikukujibu vizuri. Naishi vizuri. Chumba kina jua la asubuhi, bomba halikatiki, na ngazi ni za saruji, hazitelezi, goti lako litaziweza. Kwenye basi nina bahati ya ajabu: hata lijae vipi, kiti cha pembeni yangu huwa kitupu. Watu wanasimama na mimi nakaa na nafasi yangu kama bibi mkubwa, mkoba wangu nao una kiti chake! Majirani ni watu wa shughuli zao, hawanitembelei, lakini hawanisumbui pia. Nikirudi jioni nakoroga chai, naongea na redio. Ungekuwepo tungekuwa tunaisuta redio pamoja.

Basi, usisahau koti.

Mwanao, Kitinda


Tarehe 20 Machi

Kitinda,

Leo sikusalimu. Salamu nimewawekea wanaostahili.

Nilimvalisha mtu wa kutishia koti la baba yako. Nilifunga vifungo kimoja kimoja huku machozi yananitoka, na Kinyozi alipofungua mlango wake asubuhi alipiga ukelele akamwita marehemu kwa jina. Kila mtu alitishika isipokuwa paka. Diwani alimpanda begani! Bi Harusi akajilaza mfukoni! Na chini yao mboga zangu zote zimefukuliwa, nyanya zimelala mizizi juu, mchicha hakuna, karoti nilizopanda mara mbili hakuna. Niliketi kwenye ndoo nikashika tama. Nikasema basi, imekwisha, nafunga virago.

Halafu nikasikia kitu kinakwaruza jikoni. Nikaingia. Diwani kaingiza kichwa chote kwenye gunia lako la tatu, ambalo hata sikuwa nimelifungua vizuri, anakula! Anakula mbolea! Nikapiga magoti na goti langu hili bovu, nikachota, nikaitazama vizuri kwenye mwanga. Kitinda, humo mna magamba. Mna miiba midogo midogo ya samaki!

Umenitumia unga wa samaki. Magunia matatu! Nimewatandikia paka wa dunia nzima meza, nikawachekechea na udongo waone raha ya kuchimba, kisha nikawa nawafukuza kwa kandambili. Na wewe unakaa huko unaniandikia "mwaga bila choyo". Kitanda umetandika. Dirisha umefuta. Ulisema mwenyewe kwamba unamshangilia Diwani. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi changu nimekizaa!

Uliona huwezi kunishinda kwa maneno, ukaniletea jeshi. Sasa jua hili: napanda tena, leo hii, na Juni kikapu utakikuta kimejaa.

Mama yako, aliye nyumbani kwake


Tarehe 2 Aprili

Kitinda,

Hujambo? Mimi sijambo.

Barua yangu naona imefika. Najua niliandika kwa hasira, na hasira hasara, lakini nilikuwa na sababu. Ukipata nafasi nijibu, hata kama ni kunijibu vibaya.

Mama


Tarehe 14 Aprili

Mwanangu,

Nimepiga simu, inaita tu. Nimemwuliza kondakta wa basi linalolala huko kama kuna ugonjwa au mgomo mjini, akasema hakuna. Kwa hiyo u mzima na umeninunia. Haya, nuna, lakini nuna kwa maandishi nione mwandiko wako.

Bi Harusi kazaa. Nitakusimulia ukitaka.

Mama yako


Tarehe 22 Aprili

Mama,

Shikamoo. Ni mzima. Nisamehe kwa kimya, kwanza nilikuwa na hasira, halafu nikawa na haya, na haya inachukua muda mrefu kuliko hasira.

Nilipoisoma ile barua yako nilisema, Mama kachanganyikiwa, mbolea ile haina harufu. Nikaenda nayo kiganjani mpaka kwa mwenzangu wa mezani nikamwambia anuse. Akanusa akasema haina kitu. Tukampa mwingine, naye akasema haina kitu. Ndipo msimamizi, ambaye anakaa ofisini, akacheka akasema, "Nyinyi mnaulizana wenyewe kwa wenyewe? Nyinyi pua zenu zilikufa mwezi wa kwanza kazini."

Mama, jioni ile nilipanda basi. Kiti cha pembeni yangu kitupu kama kawaida, na dada mmoja mwenye mtoto mgongoni kasimama. Nikamwambia, kaa. Akasema asante, nashuka karibu. Hakushuka karibu. Nikamwuliza polepole, "Dada, niambie ukweli, mimi nanuka?" Akainama, mtu mwenye adabu zake, akasema, "Ni samaki tu, dada yangu. Si vibaya."

Kumbe si bahati. Miezi yote hii nakuandikia kwa furaha kwamba nina nafasi, kumbe watu wananikimbia. Kumbe ndiyo maana majirani wana shughuli zao. Nilisugua mikono kwa limau na sabuni mpaka ikatoka damu, kisha nikakaa kitandani pako, kile nilichokutandikia, nikalia.

Sikuwaita paka, Mama. Naapa. Lakini sitakudanganya: nilitaka ushindwe. Si kwa sababu wewe huwezi kuishi peke yako. Wewe unaweza! Mimi ndiye nisiyeweza. Nikirudi usiku hakuna wa kuniuliza umechelewa wapi. Nilitaka mtu wa kunigombeza.

Kitinda


Tarehe 1 Mei

Mwanangu, kitinda mimba wangu, jicho langu,

Marahaba, marahaba, marahaba! Mimi ni mzima sasa hivi tu, tangu barua yako ilipofika. Jana sikuwa mzima. Mikono imepona? Acha limau! Nikisikia umejisugua tena nitakuja kukugombeza hapohapo kwenye basi, watu wote wasikie, maana nimeambiwa unahitaji mgombezi.

Sasa na mimi nikwambie kitu. Unajua kwa nini nilimwaga magunia mawili mazima nisistuke? Si kwamba pua yangu imekufa. Miaka yangu yote ya tanuri pua hii ilikuwa inajua mkate umeiva kabla saa haijalia. Ni kwamba barua zako zinanuka samaki, Kitinda. Tangu ile ya kwanza. Sikukwambia, ningekwambiaje? Kila bahasha ikifika naiweka puani kabla ya kuifungua. Kwangu hiyo si harufu ya samaki tena. Gunia lilipokuja nikalifungua, nikanusa, nikasema moyoni, ah, mwanangu huyu kaja. Samaki hawakunijia akilini hata kidogo. Na Diwani alipoilalia barua yako nikamwona hana adabu, kumbe tulikuwa tunafanya jambo moja.

Basi yaishe. Nilikukosea kwa maneno, nisamehe. Na sasa futa machozi, nina habari za vita, na ni nzuri!

Ile siku niliyokuandikia vibaya nilipanda upya palepale, nikiwa nimejaa hasira, na udongo sikuuchekecha, niliacha mabonge yake. Kisha nikafanya lililonishinda kuliko yote: nikaenda kwa Kinyozi kumwambia kwamba alikuwa na haki, kweli mimi ndiye niliyewafanyia kitu. Alicheka mpaka akaacha kunyoa. Mteja yuleyule wa nusu kichwa, masikini, alikuwa kitini tena! Lakini akaja jioni na kipande cha wavu wa kuku na koleo, tukaulaza wavu juu ya matuta, mboga zinapenya matunduni na paka hapati pa kuchimba. Katikati tumechomeka vijiti karibu karibu, kama meno ya kitana.

Na zaidi ya hapo, nimewapa paka tuta lao! Kule mwisho, nyuma ya pipa la maji. Hilo ndilo nimelichekecha kwa chekeche la unga mara mbili, nikafukia na gunia la tatu lote. Laini! Hata mimi ningetamani. Unaamini kwamba tangu siku hiyo hakuna aliyegusa mboga? Diwani anaingia kwa mlango wa uzio asubuhi, ananipita bila salamu, anakwenda ofisini kwake, anarudi. Kumfukuza mtu bila kumwonyesha pa kwenda ni kazi bure, hilo nimelijua uzeeni.

Bi Harusi kazalia kwenye koti la baba yako. Mfuko ule mkubwa wa spana. Mtu wa kutishia alianguka kwa mvua, na nilipokwenda kulichukua koti nikakuta linalia. Vitoto vinne, macho yalikuwa bado hayajafunguka. Nimeshindwa kulichukua. Baba yako angetukana, kisha angewaletea sahani.

Mchicha umeota, bamia zimeota. Hesabu siku zako, binti, unashindwa!

Mama yako mzazi


Tarehe 17 Mei

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo mara mia! Kama goti lako linacheza kama moyo wangu unavyocheza basi tumepona wote.

Barua yako nimeiweka puani. Sijasikia kitu, lakini nimecheka peke yangu kama kichaa, kisha nikaisoma mezani na wenzangu wote wakataka kujua paka wadogo wameitwaje! Msimamizi anasema tumpigie Diwani kura.

Nakuja tarehe kumi na nne Juni, ruhusa nimeshaomba. Naleta kikapu mwenyewe, tena kikubwa, usije ukanidanganya kwa kikapu cha mayai. Tena sikiliza, nataka ushinde. Nimesema!

Mwanao, Kitinda


Tarehe 3 Juni

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila nimevunjika moyo, nakuandikia kwa haraka ili usiende kituoni kunisubiri. Likizo zimefutwa. Samaki wameingia wengi kuliko mashine, hakuna anayeruhusiwa kutoka mpaka mwisho wa mwaka. Nimelia ofisini kwa msimamizi, naye karibu alie, lakini amri si yake.

Sitakiona kikapu chako. Nakuamini hata bila kukiona. Na chumba changu kiko vilevile.

Kitinda


Tarehe 13 Juni

Mwanangu Kitinda,

Salamu, na pole, na ondoa huo mkono shavuni! U mzima? Umekula? Haya, sogea.

Sharti ni sharti. Tulisema kikapu, hatukusema lazima ukikute wapi. Kama huwezi kuja kwenye kikapu, kikapu kitakuja kwako! Kinyozi anasafiri kesho kwenda huko mjini kununua mashine mpya ya kunyolea, nimembebesha. Alilalamika mpaka nilipompa mchicha. Nilimwambia kwamba ataomba!

Nimevuna leo alfajiri. Nyanya zilizo chini kabisa ni zile zinazoanza kuiva, zianike dirishani. Juu yake karoti. Zimepinda, lakini karoti iliyonyooka haina hadithi. Kisha bamia, kisha mchicha. Kikapu kimejaa mpaka mfuniko haufungi, shahidi yangu ni Kinyozi na mgongo wake. Nimeshinda, Kitinda! Nabaki kwangu. Neno kuhama halitajwi tena, umesaini kwa mdomo wako.

Lakini nami sikulala usiku nikifikiria ile redio yako. Mvua zikiisha bustani hupumzika, na mimi nikipumzika nalemaa. Nitakuja hapo nikae nawe mpaka mvua zirudi, kama mgeni, si kama mhamiaji. Kinyozi atamlisha Diwani. Hicho kitanda usikitandue.

Na mpaka nitakapofika usikae peke yako. Kikapu kile kidogo chenye matundu, alichokishika Kinyozi kwa mkono mwingine, kifungue polepole. Ni wa mwisho kuzaliwa, kitinda mimba kama wewe. Wa manjano, sikio bado zima, baba yake unamjua. Nimemfungia kwenye kipande cha koti asikose kwao. Anaitwa Mbolea.

Mama yako mzazi, mshindi


Tarehe 18 Juni

Mama, Mama, Mama!

Shikamoo! Mzima mimi, mzima mno, salamu zako nitazimalizia mwishoni kwa sababu siwezi kungoja!

Tulitoka zamu ya mchana tukamkuta Kinyozi amesimama langoni, kikapu kimoja begani, kingine kifuani, anamgombeza mlinzi. Sijawahi kukumbatia mtu kwa nguvu vile, na nguo zangu za kazi mwilini! Nikarudi nyuma haraka, nikamwomba radhi kwa harufu. Akasema, "Mwanangu, mimi nimeshika vichwa vya watu wa kila aina. Leta kikapu hiki, mgongo unaniuma."

Nikafungua kile chenye matundu. Kwanza ikatoka pua. Pua ikanusa, ikanusa, halafu Mama, akaruka! Akanirukia kifuani, akapanda aproni yangu kwa kucha, akaingiza uso kwenye kiganja changu na kuanza kulamba. Kila kidole. Vilevile vidole nilivyovisugua kwa limau. Hakuna mtu katika mji huu aliyewahi kunikimbilia hivyo. Meza nzima ya minofu ilitoka kushangilia, na msimamizi naye ananipa mabaki kwenye karatasi, eti ya mtoto.

Kwenye basi Kinyozi alikaa kiti cha pembeni yangu. Aliposhuka mapema, kwenye maduka ya mashine, nikasema haya, kimebaki kitupu. Mbolea alikuwa ametoa kichwa nje ya koti la Baba. Na yule dada mwenye mtoto mgongoni, yuleyule, akaja akauliza, "Naweza kukaa? Mtoto anataka kumwona paka." Akakaa mpaka mwisho wa njia.

Kikapu nimekimwaga mezani, nimekihesabia haki yake. Kimejaa. Umeshinda, Mama. Nyumba ni yako, bustani ni yako, neno kuhama nimelifuta. Nyanya ziko dirishani. Kitanda kimetandikwa, ila kwa sasa kina mtu, na alipoona nimechelewa jana alinipigia kelele tangu mlangoni mpaka jikoni.

Msalimie Diwani, mwambie mwanawe hajambo. Nisamehe kona ya barua hii iliyotafunwa. Niliiacha mezani nikaenda kukoroga chai, kurudi nikamkuta kailalia.

Mwanao, Kitinda